Punje Iliyobaki Kwenye Kopo

Mimi ni mwoga. Nawaambia mapema, msije mkayasikia kwa watu wa mtaani kwetu Ipuli mkadhani wananisengenya. Miaka yote niliyofundisha michezo pale chuo cha ualimu, kazi yangu hasa ilikuwa kutafuta njia za kukimbilia: kupanda vilima vya mawe upande wa Kwihara, kushuka mabondeni, kuzunguka mashamba ya watu, kisha kuwarudisha wanachuo wakiwa na miguu yao yote miwili. Walimu wenzangu waliogopa wakaguzi. Mimi niliogopa nyuki, nyoka, radi, mbwa wa wafugaji na maji. Maji kuliko vyote. Hata sasa nimestaafu, mvua ikianza kupiga bati naacha nilichoshika, natoka uani kuhesabu watoto wa jirani.

Nyie vijana mnaofundisha michezo siku hizi mnanichekesha, wallahi. Mnachora njia ya mbio kwenye simu mmekaa kwenye kiti, soda pembeni. Mmoja wenu alikuja kwangu mwezi uliopita kunionyesha.

"Shikamoo mwalimu. Ona hii, kilomita kumi kamili."

"Marahaba. Na hapa ulipopitisha huu mstari wa bluu umewahi kufika?"

Akacheka. Hajafika. Pale ana mizinga mtu, inaning'inia kwenye miti kulia na kushoto, na nyuki wa kule hawajui kilomita kumi ni nini. Nikamwambia nenda kwanza kwa miguu yako, tena nenda bila kujipulizia kitu.

Hilo la kujipulizia sikulisoma kitabuni. Tuliwahi kupata mgeni, afisa mmoja mnene wa heshima, aliyetaka kuungana na wanachuo "japo kilomita mbili, kuwatia moyo." Alinukia manukato tangu getini. Nilimwomba akaoge, kwa adabu zote; akasema mwalimu usijali. Tulipofika chini ya mizinga, nyuki walimwacha kila mtu wakamchagua yeye. Sijapata kumwona mtu wa kilo zile akikimbia vile. Wanachuo walicheka siku mbili. Mimi sikucheka hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani, khanga kichwani, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeishi kwa maneno hayo. Lakini wahenga hawakumaliza, na ndiyo maana naandika. Mtu anaweza kuwa mwoga maisha yake yote, halafu siku moja akaogopa kitu kisichostahili.

Kwanza niwaambie habari za kopo, maana bila kopo hamtaelewa kilichonipata.

Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga, kubwa, limeingia kutu kwenye ukingo. Kabla ya mbio kila mkimbiaji alidondosha humo punje moja ya mahindi. Akirudi anatoa punje moja, anaitupa kwa kuku wa mlinzi. Basi. Punje zikiisha, watu wote wamerudi. Punje ikibaki, kuna mtoto wa mtu huko porini. Wenzangu walisema kwa nini usiandike majina kwenye karatasi? Karatasi mtu humwekea mwenzake tiki. Karatasi hulowa. Punje iko au haiko. Na sheria yangu ilikuwa hii: hakuna anayeoga wala anayekula kopo halijawa tupu, mimi nikiwa wa kwanza.

Jambo la pili ni alama za njia. Mwanzoni nilitumia chokaa. Nilipanda kilimani na ndoo na brashi, nachora mishale myeupe kwenye mawe, nikaweka na namba. Nilijiona fundi. Siku ya tatu alinisimamia mzee mmoja wa Kwihara, jembe begani, hasalimii.

"Mama, nani kakutuma kupima kilima chetu?"

"Sipimi baba. Ni njia ya kukimbia."

"Kumkimbia nani?"

"Hakuna, baba. Kukimbia tu."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mtu mzima anakimbia, na hafukuzwi?"

Hakuniamini, na simlaumu. Watu wale walijua kwamba ukiona namba imeandikwa juu ya kitu chako, siku zake zinahesabika. Usiku ule ule walipita kwenye mawe yangu. Mengine waliyabingirisha bondeni, mengine waliyageuza, mshale ukatazama ulikotoka. Kesho yake wanachuo kumi na mmoja walifuata mishale kwa utiifu wakaishia kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, wakapewa uji, wakarudishwa na trekta. Mimi getini nimekumbatia kopo lenye punje kumi na moja.

Aliyeniokoa na chokaa ni mlinzi wa geti, Mzee Mihambo. Msifikirie mzee mpole wa hadithi. Alikuwa mkali, mbishi, na alidai kwamba walimu wote wamesoma mpaka wamepungua. Zamani alirina asali porini, na kabla yake baba wa babu yake alibeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, kwa njia ile ile ya zamani inayopita Kwihara.

"Unachora njia unayoitaka," aliniambia. "Ndiyo maana unapata taabu. Njia haionyeshwi, mwalimu. Inafungwa ile usiyoitaka."

Akanipeleka kwenye njia panda ya kilimani akanionyesha. Unakata tawi bichi, unalilaza katikati ya njia isiyofaa, ncha ikimtazama anayekuja. Kisha unaburuta kisigino chako, unachora mstari mbele ya tawi. Ndivyo walivyofanya wapagazi waliotangulia, ili walio nyuma na mizigo vichwani wasipotee. Mnyamwezi akikuta tawi bichi limelazwa njiani anajua aliyetangulia amesema siyo huku. Yule mzee wa jembe hatalichukia tawi, na mvua haitalifuta kama chokaa. Nilipenda sana. Nikamuuliza, tawi la mti gani?

"Mnyaa."

Mnyaa mnaujua, ule wa uzio, usio na majani ila vijiti vya kijani, ukiuvunja unatoka utomvu mweupe. Alinipa panga. Nikakata pigo moja la nguvu, kama mjinga, upepo ukinipiga usoni. Tone moja likaingia jicho la kulia. Jamani! Nilipiga kelele mpaka Kwihara wakatoka majumbani. Waliniosha kwa maji, wakaniosha tena, nikalala siku mbili na kitambaa usoni, nikiwaza namna nitakavyoishi kipofu. Mihambo alikuja kunitazama. Badala ya pole alisema, "Mnyaa unakatwa ukiwa umeupa upepo mgongo. Na unavaa miwani. Ningekwambia, ila ulikuwa na haraka."

Jicho lilipona. Woga haukupona. Tangu siku ile mnyaa aliukata Mihambo, mimi nikisimama mbali nimefumba macho, na nilizoea hivyo hadi magoti yake yalipochoka akaacha kazi, akarudi kijijini kwao.

Sasa nafika kwa Yuditha.

Yuditha alitoka Ulyankulu, mtoto wa wakulima wa tumbaku, wale ambao wazee wao walikuja kutoka Burundi. Mwembamba, mkimya, Jumapili hakosi misa, na miguuni alikuwa na upepo. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi na sikuwa nimepata mkimbiaji wa namna ile. Alikuwa achukuliwe kwenye timu ya mkoa. Tulikuwa tumebakiza majuma matatu kabla ya mchujo. Kwao hakuna aliyewahi kupita darasa la saba, na sasa huyu anakaribia kuwa mwalimu na kuwa mkimbiaji, vyote kwa pamoja. Alinizoea. Mara nyingine alinitania: "Mwalimu, leo umeogopa nini?" Nami namtajia.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya mvua za masika. Njia yetu ilipanda kilima hadi njia panda ile ile. Kushoto, tulikozoea, unashuka bondeni, kwenye kivuko cha mto wa msimu. Kiangazi ule si mto, ni mchanga na mawe, na tulikuwa tunauvuka tukicheka. Kulia unafuata mgongo wa kilima unarudi chuoni bila kugusa maji. Alfajiri nilitazama upande yanakotoka maji nikaona mawingu meusi yameshuka mpaka chini. Kwetu jua linachomoza vizuri. Nikasema kushoto leo hapana. Nikapanda peke yangu na panga, mapema, kwenda kufunga.

Mnyaa ulikuwepo. Uzio mzima wa mnyaa, kwenye boma lililohamwa. Umbali sikuupima siku ile, nilirudi baadaye kuupima: hatua ishirini kutoka njia panda. Upepo ulikuwa unazungukazunguka, mara huku, mara kule, na miwani sikuwa nayo. Nilisimama pale panga mkononi nikalisikia jicho langu likiwasha, kweli kabisa, likiwasha kwa kukumbuka tu. Na karibu yangu, hatua mbili, palikuwa na mkwaju mchanga, majani mabichi mazuri, laini. Nikajiambia tawi ni tawi. Nikakata matawi matatu ya mkwaju, nikayalaza, nikaburuta kisigino juu ya jiwe ambalo halishiki mstari, nikateremka. Nilikuwa na furaha, nawaambieni. Nilirudi nikiimba.

Mbio zetu niliziwekea utaratibu: wazito wanaanza kwanza, wepesi mwisho, ili wote wafike karibu pamoja. Wa kwanza waliondoka na umande. Yuditha aliondoka wa mwisho kabisa, karibu saa nzima nyuma yao. Alidondosha punje yake, akaiona inaviringika, akasema, "Mwalimu, leo umeogopa nini?"

"Maji," nikasema. "Njia mbaya nimeifunga. Wewe angalia tu palipofungwa."

"Haya mwalimu."

Walirudi mmoja mmoja, wakitoa punje zao. Kuku wakashiba. Kwa hesabu yangu Yuditha alipaswa kuwapita karibu wote kwenye mteremko wa mwisho na kuingia kati ya watano wa mwanzo. Waliingia watano. Wakaingia kumi. Kila mmoja nilimuuliza, "Yuditha umemwona?" Hajamwona. Akaingia wa mwisho, kijana mmoja mnene aliyekuwa anatembea, amebeba kiatu. "Yuditha amekupita wapi?" Hajanipita, mwalimu.

Nikatazama ndani ya kopo. Punje moja, imekaa pembeni karibu na kutu.

Sijui mnaogopaje nyie. Mimi huwa naogopa kwa kelele, kila mtu anajua. Siku ile sikutoa sauti. Niliwaambia wanachuo wawili wafuate njia kwa kinyume, mimi nikapanda moja kwa moja kilimani na raba zangu, mama mtu mzima, nashika mawe kwa mikono.

Nilipofika njia panda niliwakuta mbuzi.

Walikuwa saba au nane. Matawi yangu yalikuwa pale pale nilipoyalaza, ila hayakuwa matawi tena. Vilikuwa vijiti vitupu, kama kuni zilizomdondoka mtu. Mbuzi mmoja mweupe alikuwa bado anamalizia jani la mwisho. Alinitazama, anatafuna, hana habari. Hata mtoto mdogo wa kijijini anajua mbuzi hulilia majani ya mkwaju, mnyaa hawaugusi. Mimi nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nizaliwe.

Na kutoka bondeni nikausikia mto.

Nilishuka sijui vipi. Mchanga wote umepotea, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda kasi, yamebeba magogo, yamebeba mabua ya mahindi ya shamba zima. Niliita. "Yuditha! Yuditha!" Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Nikafuata ukingo kuelekea maji yanakokwenda, na mahali yanapopinda nikakiona kiatu. Raba ya chuo, ya bluu, imenasa kwenye matete, kamba zake zimefunguliwa kwa uangalifu. Alikuwa amevivua viatu avibebe ili visilowe, maana ni mali ya chuo. Nilikitoa nikakikumbatia. Nikawaza mama yake. Nikawaza nitamwambia nini mwanamke ambaye hata sura yake siijui. Niliomba Mungu anichukue mimi, halafu hapo hapo nikaogopa asije akanisikia. Naam, niliogopa hata hilo. Nawaambia kama ilivyokuwa.

Ndipo nikawaona wafugaji ng'ambo. Wanaume watatu, kamba ya ng'ombe mikononi, na katikati yao mtu amelala chini. Nikaitambua fulana yake ya njano.

Mmoja akanipigia kelele. Maji yakala maneno.

"Ni mzima?" nikapiga kelele. "Baba, ni mzima?"

Akapiga kelele tena, sisikii. Nikainua kiatu juu, sijui kwa nini, nikakipunga. Nilikuwa nalia. Yule mfugaji akanyamaza akanitazama, akaelewa kwamba simsikii. Akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kifua cha Yuditha, kisha akakiinua kidogo, akakishusha, akakiinua, akakishusha, pole pole, ili nione. Anapumua.

Nilikaa kwenye matope. Kati yangu na yeye hapakuwa hata na urefu wa uwanja wa mpira, na sikuweza kumfikia. Walimbeba wenyewe hadi barabarani upande wa pili, wakampakia pikipiki, na mimi nikazunguka njia yote ya daraja. Nilimkuta hospitali baada ya adhuhuri. Goti la kulia lilikuwa limebanwa kati ya mawe likageuka. Daktari aliniambia atatembea. Nikamuuliza na kukimbia? Akaandika kitu kwenye faili.

Yuditha alifumbua macho akaniona. Alianza mwenyewe, sauti imekauka.

"Mwalimu, vile vijiti niliviona. Nikasimama kabisa. Maji nayo yalikuwa ya magoti tu, wala hayakutisha. Nikasema, Mwalimu Zena ni mwoga. Ingekuwa mbaya, angefunga." Akameza mate. "Nilipofika katikati nikasikia kama lori linakuja."

Nimestaafu, nina wajukuu, nimekwenda Maka nikarudi. Maneno hayo nimekwenda nayo na nimerudi nayo.

Mkuu wa chuo aliuliza, nikamwambia mbuzi walikula alama. Ni kweli. Kila mtu alinipa pole. Mama yake Yuditha alikuja kwa basi kutoka Ulyankulu, rozari mkononi, na furushi la maharage. Alinishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki mwalimu. Nimeambiwa ulimfuata mwanangu hadi majini." Sikuingia majini, nilisimama ukingoni. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaogopa, nikasema ahsante mama. Maharage nikayapeleka nyumbani, tukayala juma zima.

Mtu pekee niliyemwambia yote ni Mihambo. Nilipanda basi nikamfuata kijijini kwao. Nilimkuta ananoa shoka.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umekonda. Kuna nini?"

Nikamweleza toka mwanzo. Hakuacha kunoa. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Ulikata mti gani?"

"Mkwaju."

"Na mnyaa ulikuwa mbali?"

"Hatua ishirini."

Akajaribu makali ya shoka kwa kidole. "Basi mbuzi hana kosa," akasema. Akaniitia chakula.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa fundi anayechomelea mageti, nikanunua kwake miwani ya kazi, ile inayoziba mpaka pembeni. Tangu siku hiyo hadi ninastaafu nilikata mnyaa kwa mkono wangu, upepo mgongoni, na kila nilipoukata nilitetemeka. Sijawahi kuzoea. Hayupo mbuzi aliyekula alama yangu tena. Lakini Yuditha hakukimbia tena, na sababu yake niliijua mimi na mzee mmoja mbishi kijijini.

Sasa, mwaka huu.

Yuditha ni mwalimu wa shule ya msingi huko Usoke. Anachechemea, ana watoto wawili, anafundisha hesabu na, mnaona wenyewe, michezo. Alinipigia simu baada ya msimu wa tumbaku. "Shikamoo mwalimu. Nina mbio za watoto. Njia nimeipita mara tatu mwenyewe, lakini sitalala mpaka mwoga wangu aje aipite." Nilicheka kwenye simu. Kisha nikakaa kitandani nikashika miwani ile ya fundi, na nikajua kwamba safari hii nitasema.

Nilifika kwa treni. Asubuhi tulitembea njia yake yote, yeye na mguu wake, mimi na miaka yangu, panga mkononi, miwani shingoni. Ni njia nzuri. Mizinga ameikwepa. Kopo analo, la mafuta ya kupikia, na punje za mahindi kwenye mfuko wa sare. Kwenye njia panda moja, inayoshuka kwenye mbuga inayojaa maji, alisimama.

"Hapa ndipo ninapotaka kufunga," akasema. "Tukate nini?"

Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi.

"Yuditha," nikasema, "siku ile nilijua mnyaa. Nilifundishwa. Ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Niliogopa utomvu usiniingie jichoni, nikakata mkwaju. Sio mbuzi. Ni mimi."

Alitazama chini kwenye goti lake, akalitazama kama kitu alichosahau mahali na sasa amekiona. Huko nyuma watoto walikuwa wameanza kukusanyika, tunasikia kelele zao shuleni.

"Ishirini?" akauliza.

"Ishirini."

Akachukua panga mkononi mwangu. Akageuka akaanza kutembea kuelekea uzio wa mnyaa uliokuwa kule mbali, kwenye boma la watu, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Nilidhani ananiacha. Nilisimama pale kama mti. Alipofika kwenye uzio akageuka akaniita kwa sauti, uso wake umelowa machozi, na sauti yake kali kama ya Mihambo.

"Huu uko hatua sitini na mbili, mwalimu. Nimehesabu. Vaa miwani yako uje, watoto wanasubiri."

Nikavaa miwani, nikaenda.